Kutembea na begi au kukaa na kujitolea? Kwa wenza wanaopanga mwaka mmoja porini

Nimeshaulizwa hili swali na marafiki wengi sasa, wote wawili wawili, wachumba au wanandoa ambao bado hawana watoto, wanataka kuacha kazi mwaka mmoja wazunguke misituni na milimani na zile pwani ambazo hazina hoteli, na kila mmoja anaanza na swali lile lile, tuanzie wapi, mlimani au baharini? Mi nawaambia hilo lije baadaye. Kwanza kaeni chini mjiulize kama mnataka kutembea au mnataka kukaa. Kutembea ni begi mgongoni, hema, leo mmelala hapa kesho kule. Kukaa ni kufika kijiji kimoja kilichopakana na msitu au bahari, mnapewa kazi, mnakaa mwezi, miwili, mitatu, mpaka watoto wanawaita kwa majina. Sisi tulifanya vyote viwili, mimi Mtanzania wa Morogoro na mume wangu Mkenya wa Meru, na naandika hapa kwa urefu kwasababu vinafanana kwenye picha tu, ukiviishi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ratiba yetu ilikuwa hivi: Juni hadi Agosti kisiwa cha Juani kule Mafia kwenye viota vya kasa, Septemba Udzungwa, mwanzo wa Oktoba Usambara, tukavuka Horohoro kuingia Kenya mpaka Gazi kwenye mikoko hadi Desemba, Januari Mlima Kenya, Februari hadi Aprili msitu wa Arabuko-Sokoke, Mei tukarudi nyumbani.

Hela kwanza

Watu wengi wanadhani kutembea ndo rahisi kwasababu unalala kwenye hema lako mwenyewe. Sio kweli. Ndani ya hifadhi unalipa kiingilio, unalipa kupiga kambi, unamlipa askari anayetembea na nyinyi na bunduki, mlimani unamlipa mwongozaji na wapagazi, na vyote hivyo vinahesabiwa kwa siku. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo sana ukilinganisha na wageni, kwahiyo pasipoti au kitambulisho msiache nyumbani hata kama mnaenda jirani, lakini siku zikijumlishwa utashangaa. Kwetu mwezi mmoja wa kutembea ulikula karibu hela ya miezi mitatu ya kukaa. Kijijini tulipanga chumba, tukanunua jiko la mkaa, samaki tunasubiri mashua zikirudi, bando la simu tunaweka dogo maana mtandao wenyewe unapatikana ukipanda kilimani.

Ila hapa kuna mtego na naomba usome vizuri. Kuna sehemu wanakuita kujitolea alafu wanakutoza ada, na mahali pamoja, sitapataja, tulilipa ya wiki nne, kufika tukakuta hakuna kazi yoyote zaidi ya kupigwa picha tumeshika miche na kupakia mtandaoni. Tuliondoka siku ya sita na hela haikurudi, na iliniuma sana kwasababu ilikuwa akiba ya mshahara wangu wa miezi kadhaa. Tokea hapo tukawa na swali moja kabla ya kutoa hata shilingi: juzi mlifanya kazi gani, na kesho asubuhi mnafanya nini? Kikundi chenye kazi kweli kinajibu bila kufikiri. Watakwambia kesho maji yanakupwa saa nne, tunaingia matopeni. Wasio na kazi watakutumia kijitabu chenye picha nzuri.

Juani, au kukaa ni nini hasa

Unapanda boti Nyamisati unashukia Kilindoni, na Juni na Julai kusi linavuma haswa, kama tumbo lako halipatani na bahari meza dawa mapema, mimi nilitapika njia nzima. Kutoka Utende mnavuka tena kwa mashua hadi Juani, na upande wa mashariki wa kisiwa, ule unaotazama bahari kuu, kuna vifukwe vidogo ambavyo kasa wanapanda usiku kutaga.

Kazi yenyewe ni ya subira. Asubuhi kabla jua halijawa kali mnatembea ufukweni mnatafuta nyayo, zinaonekana kama trekta dogo limepita kutoka majini na kurudi majini, mnaandika tarehe, mnaweka alama, na kama kiota kimechimbwa karibu mno na maji ambapo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, litakifikia, wenyeji waliofundishwa wanahamisha mayai siku hiyo hiyo, taratibu, bila kuyageuza, kwasababu yai la kasa likigeuzwa geuzwa kiumbe kilichomo kinakufa. Kiota kimoja kina mayai mia na kitu. Yanakaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na joto la mchanga ndo linaamua watoke majike au madume, mchanga ukiwa wa moto zaidi majike wanakuwa wengi. Muda uliobaki mnaokota plastiki. Yaani plastiki, sijui niseme nini, chupa na ndala na nyavu zilizokatika zinakuja na mawimbi kila siku na kasa mama akikuta ukuta wa takataka anageuza anarudi baharini bila kutaga.

Kulikuwa na kiota kimoja tulichokiwekea alama wiki yetu ya kwanza kabisa. Mwisho wa Julai mzee anayesimamia ule ufukwe, ambaye ujana wake aliwahi kuvua kasa kwa ajili ya nyama na hafichi hilo, akaja kutuita jioni. Nikamwamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba mwanangu, zima hiyo taa. Tukakaa mchangani gizani. Akanishika mkono akauweka juu ya kiota nikasikia katikati pamebonyea kama bakuli, akasema mchanga ukibonyea hivi ujue wameshaamka. Tukakaa, nadhani saa nzima. Alafu pale katikati mchanga ukaanza kutetemeka, kikatoka kichwa kimoja cheusi kidogo kuliko kidole gumba changu, kikatulia kana kwamba kinasikiliza, na ghafla wakachemka wote kwa pamoja kama uji unaofurika sufuria. Wanafuata mwanga wa bahari, ndo maana taa hairuhusiwi, ukiwasha tochi wanageuka wanakufuata wewe. Mume wangu alikuwa anahesabu kwa kunong'ona, akafika 94, sauti ikamkatika.

Nasema haya ili ulinganishe vizuri. Ukija Mafia siku mbili katika msimu wa kuanguliwa, ambao kwa Juani ni kati ya Juni na Septemba, unaweza ukaliona hili jambo na ni zuri. Lakini sisi tulikingoja kile kiota karibu miezi miwili, tulikwenda kukiangalia bamvua lilipokuja, tulifukuza kunguru, tulijua kiko hatua ngapi kutoka kwenye ule mti wa mkadi ulioinama. Hicho ndo kitu cha kukaa, na sikukipata popote tulipokuwa tunatembea.

Ubaya wa kukaa ni upi? Faragha hamna. Chumba kimoja, ukuta wa udongo, jirani anasikia mkikohoa, kwahiyo hata mkikwazana mnakwazana kwa kunong'ona na usiku mnabaki mmeliweka moyoni. Kuna siku nne tano hakuna kazi. Na mnaishi kwa desturi za wenyeji, mnavaa inavyotakiwa, mkifika mnaanza kwa mwenyekiti wa kijiji na barua yenu ya utambulisho, mnaulizwa kama mmeoana kweli na mnajibu kwa adabu kwasababu ni haki yao kuuliza. Kama mmoja wenu hawezi kukaa mahali pamoja wiki tatu bila kuanza kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kukaa kutawashinda.

Jambo jingine kuhusu Mafia: papa potwe, wale wakubwa wenye madoa wanaokula vitu vidogo vidogo vya majini, wanakuja upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi kama Februari. Sisi tulikuwa tumeshaondoka. Kasa na potwe ni misimu miwili, chagueni mnataka kipi.

Udzungwa na Usambara, kwa wanaotaka kutembea

Hizi mbili watu wanazichanganya kwasababu zote ni milima ya kijani yenye ukungu, lakini kwa begi mgongoni hazifanani hata kidogo.

Udzungwa ni hifadhi tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara, ukitaka kuiona unaiona kwa miguu yako. Unafika Mikumi mjini unakata kushoto kupitia Kidatu hadi Mang'ula, mashamba ya miwa upande mmoja na msitu umesimama kama ukuta upande wa pili. Wengi wanaenda maporomoko ya Sanje, mita 170, asubuhi na kurudi mchana, na kama mna siku moja fanyeni hiyo mridhike. Sisi tulitaka njia ya Mwanihana ya siku tatu. Pale kuna nyani wa Sanje, wanasayansi walimjua 1979 tu na hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii, na tulimsikia kabla ya kumwona, sauti kama mtu anaguna kisimani. Tulikuta pia mbega wekundu wanaruka juu yetu na majani yanamwagika kama mvua.

Alafu ikaja mvua yenyewe. Septemba ni kiangazi lakini msitu kama ule una mvua zake. Usiku wa pili nilikuwa nimefunga hema vibaya, turubai la juu limegusana na la ndani, saa nane usiku mabegi ya kulalia yote yamelowa, mume wangu akasema neno moja tu kwa uchovu, na mimi nikajibu maneno kumi. Asubuhi tukatembea kama masaa matatu bila kusemezana, yeye mbele mimi nyuma, nafasi kati yetu inazidi kukua, mpaka askari akasimama akatungoja akasema, jamani nyinyi mkikwazana kwazaneni mkiwa karibu, humu kuna tembo. Tukasogeleana. Baada ya dakika chache mume wangu akanivua begi akachukua chungu na jiko akavitia kwenye la kwake bila kusema kitu, na hapo ndo yakaisha.

Hiyo ni tofauti kubwa kwa watu wawili. Kijijini jambo linalala. Njiani haliwezi kulala kwasababu mnahitajiana mpaka jioni, mwenye hema ni huyu na mwenye chakula ni yule. Kama ndoa yenu changa na mna tabia ya kununiana siku tatu, kutembea kutawafundisha haraka, ila muanze na njia fupi.

Usambara kwa hilo ndo nzuri. Kutoka Lushoto mnapita Magamba, Rangwi, mpaka Mtae, siku tatu hadi tano kwa mwendo wenu, na mnalala kwenye nyumba za wageni na za watawa, sio lazima hema, mnapita kwenye mashamba ya kabichi na viazi na watu wanawasalimia njia nzima. Begi langu Udzungwa lilikuwa kilo 14, Usambara kilo 6. Mkifika Mtae ardhi inaishia pale, chini kabisa mnaona tambarare ya Mkomazi imetandazwa mpaka Kenya. Hamna wanyama wakubwa, hamna ule ukali wa porini, na kama mnatafuta pori hasa mtaona pamejaa watu. Mimi nilipapenda kuliko mume wangu, yeye alisema ni kama kutembelea kwa shangazi.

Kwa wadada: Udzungwa siku za hedhi zilinikuta njiani. Bebeni vya kutosha na mfuko mzito wa kufungia, kila kitu kinarudi na nyinyi, na mwambie mwenzako mapema ili mwendo wa siku hiyo upungue. Sikuambiwa na mtu yeyote kabla ya kwenda ndo maana nakwambia.

Vifaa msiende kununua vipya. Buti zangu soko la Karume Dar, koti la baridi la mume wangu Gikomba Nairobi, mitumba ya nguvu kabisa. Kitu cha kutafuta mapema ni makopo ya gesi ya yale majiko madogo ya kambi, Dar tuliyatafuta wiki nzima. Chakula chetu cha njiani: unga wa uji, dagaa waliokaangwa kabisa, karanga, tende, tambi. Maji ya mtoni chemsheni au wekeni dawa hata kama yanang'aa.

Gazi

Nitapita haraka maana kazi ni moja, lakini ni kazi ngumu kuliko zote tulizofanya. Gazi iko Kwale, kusini mwa Mombasa, na wenyeji wana mradi unaitwa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayotunzwa na hekta 117 za mikoko yao, yaani wanalipwa kwasababu miti inaizuia isirudi angani, na pesa inaingia kwenye maji na shule za kijiji, kwahiyo mtu wa pale ukimwambia mkoko una faida hakuangalii kwa mashaka, anajua ilinunua nini. Kuna na njia ya mbao ya kina mama inayopita katikati ya mikoko, anzieni hapo.

Kupanda ni saa za maji kupwa tu. Matope yanafika magotini, ndala zinabaki humo humo. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kalamu, unaichomeka ikiwa imesimama, unapiga hatua, nyingine. Mche wa mchu au mlilana, aina nyingine za mikoko, unatoka kitaluni na unabebwa na udongo wake. Kesho unarudi unakuta kaa wamekata baadhi, unachomeka upya. Kina mama niliokuwa nao wanaimba na kuulizana habari za harusi huku mikono inaenda, na mimi mgongo umekufa. Ukilinganisha na kasa, hapa huoni matokeo, mti wako utakuwa mti miaka mingi ukiwa haupo. Wako watu jambo hilo linawatosha kabisa, mume wangu ni mmoja wao. Mimi nahitaji kuona kichwa kinatoka mchangani.

Mlima Kenya

Mume wangu amekua anauona huu mlima kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu, na hakuwahi kuupanda. Mpango ulikuwa tupande kwa njia ya Sirimon, tufike kilele cha Lenana, mita 4,985, tushukie njia ya Chogoria kupitia ziwa Michaelson kwasababu ana shangazi yake huko chini. Januari na Februari ni kikavu, ndo wakati. Kupanda peke yako hairuhusiwi, chukueni mwongozaji mzuri mkae naye chini kabla ya safari.

Usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, mita 3,300, sawa tu. Siku ya pili tukaunganisha moja kwa moja mpaka kambi ya Shipton's, mita 4,200, na hapo ndo tulikosea, tungelala katikati. Saa tatu usiku mume wangu akaanza kuumwa kichwa, baadaye akatapika, baadaye akawa ananijibu vitu ambavyo sikumuuliza. Maji kwenye chupa yalikuwa yameganda. Mwongozaji akammulika machoni akaniangalia akasema, dada, huyu anashuka sasa hivi, wewe unaweza kubaki na mwenzangu mkapanda alfajiri, uamuzi ni wako. Nilikuwa mzima, miguu ina nguvu, kilele nakiona kwa mbalamwezi. Nilivaa buti tukashuka naye gizani nimemshika mkanda wa begi, na kila mita mia mbili tatu tulizoshuka akawa anarudi kuwa yeye. Ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka, msidanganyane na vidonge vya kichwa mkaendelea.

Kwahiyo kama mnachagua mlima mrefu, Mlima Kenya au Kilimanjaro au Rwenzori, kubalianeni nyumbani, kwa maneno kabisa, kwamba mmoja akishuka mwingine anafanya nini. Kuna wanaokubaliana mwenye afya aendelee na hilo ni sawa kabisa kama mmeliongea. Sisi hatukuwa tumeliongea. Alikuja kuniuliza kule chini, je umenikasirikia? Nikamwambia ukweli kwamba nimelia kidogo kwa ajili ya kilele na sijakukasirikia.

Arabuko-Sokoke, kwa wasioweza kuchagua

Hii ndo iko katikati. Msitu wa kilomita za mraba kama 420 kati ya Malindi na Kilifi, mnakaa kijijini lakini kazi yenyewe ni kutembea, mnapangana mstari na vijana wa kijiji na maaskari, mnapekua vichaka mkiondoa nyaya za kunasia paa na funo. Waya mwembamba wa kawaida tu umefungwa kitanzi. Siku moja tulitoa 31 kabla ya chakula cha mchana na nikapoteza hamu ya kula. Ni joto, mbu hawana huruma, tembo wapo, na kazi za namna hii zinataka kibali na watu wanaojua njia, msijipeleke wenyewe. Lakini jioni mnarudi kitanda kile kile na mama mwenye nyumba ameshawawekea maji ya kuoga. Kwa wenza ambao mmoja anapenda kutembea na mwingine anapenda kukaa, mimi ningewapeleka hapa bila kufikiri mara mbili.

Kwahiyo kipi?

Kama mna mwaka mzima, anzeni na kukaa, angalau wiki sita, alafu ndo mtembee. Tuliona wenza wengine walioanza na mlima kwa nguvu zote wakamaliza hela na hamu pamoja. Kukaa kwanza kunawazoesha kulala chini, kula kilichopo, kujua mwenzako akichoka anakuwaje, na gharama yake ni ndogo.

Kama mna miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti Juani, mmalizie na wiki moja ya Usambara mkirudi bara. Kama mna mwezi mmoja na miguu inawawasha, Usambara kisha Udzungwa, kati ya Julai na Septemba, sio masika kabisa. Kama hela ndo kikwazo, Gazi. Mlima mrefu mimi sasa ningeuweka peke yake, safari ya kujitegemea yenye siku za ziada, sio kuubana katikati ya mwaka wenye mambo mengine kama tulivyofanya sisi.

Sisi Juni hii tunarudi Juani. Mzee ameshatuma ujumbe kwa simu ya mjukuu wake kwamba viota vipo, na safari hii tunakaa mpaka Novemba, tuwaone na potwe.